Baiskeli za umeme, watoto wawili na dipoziti yetu

Hell's Gate, kule Naivasha, ni kati ya mbuga chache za Kenya ambako unaruhusiwa kuendesha baiskeli huku pundamilia wakikuangalia tu. Kiingilio tulilipa kwa eCitizen tukiwa bado nyumbani. Baiskeli mbili za umeme, zenye viti vya watoto, tulikodi huko huko.

Mwenye baiskeli alitaka dipoziti itumwe kwa namba yake binafsi. Tukaomba till. Jina la biashara likatokea kwenye simu, tukalipa.

Hadi Fischer's Tower ilikuwa raha tupu. Hata ukibeba mtoto wa miaka minne, kilima hukisikii. Kurudi, betri moja ikazima. Jamani, baiskeli ya umeme bila umeme ni nzito! Tuliisukuma juani, mtoto akilia kiu.

Mwenyewe akadai tumeiharibu, dipoziti harudishi. Tukamwonyesha ujumbe wa malipo, na picha tuliyopiga asubuhi: betri ilikuwa nusu tangu mwanzo. Akarudisha yote.

Ukienda, piga picha ya kipimo cha betri kabla ya kulipa, na ule ujumbe usiufute hadi pesa zirudi. Simu nayo iwe na chaji. Yetu ilikuwa imebaki asilimia sita.