Klabu Imfuate Kijana Alipo

Klabu ya vijana inapokosa watu, lawama huwaangukia vijana wenyewe: hawana mwamko, wanapenda starehe, wanasubiri kupewa. Lawama hiyo haina haki. Rwimbogo ni umurenge (sekta, ngazi iliyo chini ya wilaya) wa wilaya ya Rusizi nchini Rwanda, kwenye vilima vilivyo karibu na uwanda wa mpunga wa Bugarama na mpaka wa Kongo. Huko kijana aliyeacha shule ana kazi tangu alfajiri: kulima, kuchota maji, kutafuta kuni, kufukuza ndege mpunga unapokaribia kuiva, kubeba mizigo siku ya soko. Klabu inayokutana shuleni alasiri, wakati yeye bado yuko shambani, haijamkaribisha hata kama tangazo lake linasema milango iko wazi kwa wote. Walioachwa nje hawatavutwa kwa hamasa na fulana. Watakuja klabu ikipangwa kwa kufuata saa zao, njia zao na mifuko yao.

Rwanda haina upungufu wa mipango ya vijana. Sensa ya 2022 ilihesabu watu zaidi ya milioni 13, na karibu theluthi mbili yao hawajafika miaka 30. Ipo Inama y'Igihugu y'Urubyiruko, baraza la taifa la vijana lenye kamati zinazoshuka hadi ngazi za chini. Vipo vituo vya vijana vya YEGO vya ngazi ya wilaya, na shule nyingi zina klabu za mazingira, za kupambana na UKIMWI, za umoja na maridhiano. Kenya nayo ilizifufua klabu za 4-K za kilimo mwaka 2021, nazo pia zimesimama juu ya mgongo wa shule. Sababu inaeleweka, kwa kuwa shule ina madarasa, ina walimu, na wanafunzi tayari wamekusanyika. Lakini hapo ndipo mchujo unapoanza. Aliyekwisha kubahatika kubaki darasani anaongezewa klabu, na aliyekosa darasa anakosa vyote viwili. Kituo cha wilaya nacho humfaa anayekaa karibu au mwenye nauli ya pikipiki.

Ushahidi kwamba mpangilio ndio unaoamua upo hapa hapa Afrika Mashariki. Mwaka 2008 shirika la BRAC lilianzisha Uganda klabu za wasichana wa miaka 14 hadi 20, waliomo shuleni na waliotoka. Zilikuwa na mahali maalumu pa kukutania ndani ya jamii, zilifunguliwa alasiri tano kwa wiki, na ziliongozwa na mlezi ambaye ni msichana wa hapo hapo aliyewazidi umri kidogo. Walijifunza afya na stadi za maisha pamoja na kazi za mikono. Watafiti walilinganisha vijiji na mitaa 100 yenye klabu na 50 isiyo nazo. Baada ya miaka minne, idadi ya wasichana wanaojipatia kipato ilikuwa imepanda kwa asilimia 48 ikilinganishwa na mwanzo, huku mimba na ndoa za mapema zikipungua sana. Hata hivyo, ni kama msichana mmoja tu kati ya watano waliostahili aliyehudhuria. Mpango huo huo ulipopelekwa Tanzania kwa rasilimali chache zaidi, mabadiliko makubwa hayakuonekana. Kilichoongeza mahudhurio huko ni kuunganisha klabu na huduma ndogo za fedha, na akiba za wanachama nazo zikakua.

Hapa ndipo lilipo jibu kwa wanaosema kijana maskini anahitaji pesa, si mikutano. Wako sahihi kuhusu pesa, ila klabu inaweza kuwa njia ya kuifikia. Vijiji vya Rwanda vinakijua vizuri ikimina, kikundi cha kuweka na kukopeshana. Katika vikundi vya aina hii mara nyingi utakuta sanduku la chuma lenye kufuli tatu. Funguo hushikwa na watu watatu tofauti, na fedha huhesabiwa mbele ya wote kabla ya kuandikwa daftarini. Klabu ikianza kwa akiba na mkopo mdogo wa kununulia sungura au mbegu za mboga, kijana anapata sababu ya kurudi wiki inayofuata, na mzazi anapata sababu ya kumruhusu.

Wengine wana shaka kama jamii zenye majeraha zitawaruhusu watoto wao kuketi pamoja. Rwimbogo ina jibu lake. Katika parokia ya Mushaka, Padri Ubald Rugirangoga, aliyefariki Januari 2021, aliongoza mpango wa maridhiano baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya 1994. Waliokiri makosa walipitia mafunzo ya miezi kadhaa kabla ya kupatanishwa hadharani na waliowakosea. Kazi ile haikukamilishwa kwa semina ya siku moja mjini. Iliwezekana kwa sababu ilifanyika karibu na nyumba za watu, kwa muda mrefu, ikiongozwa na mtu waliyemwamini. Klabu za vijana zinahitaji mambo hayo hayo matatu.

Imebaki hoja ya gharama, nayo ni nzito. Kijiji kimeshabeba umuganda, kazi ya pamoja ya jamii, kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi na vikao vingi, hivyo kuongeza kikao kingine bila mpango ni kuwachosha watu. Lakini yaliyotokea Tanzania yanaonya kwamba klabu ya bei rahisi kupita kiasi ni hasara, kwa kuwa inakula fedha bila kubadilisha kitu. Ni heri umurenge uanze na klabu chache zenye mlezi anayelipwa posho, zikikutana kwenye mudugudu, yaani kijijini, kwa saa ambazo vijana wenyewe wamezichagua na zinazobadilika msimu wa kilimo unapobadilika. Daftari la kila klabu nalo liwe na ukurasa wa majina ya vijana wa mudugudu ambao hawajafika bado: aliyeacha shule, mwenye ulemavu, msichana mwenye mtoto mgongoni. Viongozi wauombe ukurasa huo kabla ya kuuliza idadi ya waliohudhuria, kwa maana klabu inayojaza viti kwa wale wale kila wiki haijapanuka.