UZI: "Saratani ni ugonjwa wa Wakisii"? Hebu tuulize pesa za utafiti

Wadau, huku Kisii na Nyamira wanasiasa wakija matangani huahidi hospitali ya saratani. Watu wanapiga makofi. Utafiti hakuna anayeutaja, na hapo ndipo tunachezewa.

Chukua saratani ya umio, ile njia ya chakula. Jirani zetu wa Bomet inawasumbua sana, na hospitali ya Tenwek imeichunguza miaka mingi. Sasa, ukivuka kutoka Borabu kuingia Sotik, umetoka kwa Wakisii umefika kwa Wakipsigis, lakini majani chai ni yale yale. Ni damu ama ni mazoea? Mwaka 2016 wataalamu wa saratani wa WHO walisema vinywaji vya moto kupita nyuzi 65 huenda vinaileta. (Na sisi chai tunainywa ikitoa moshi!) Kama ni chai, tungoje ipoe. Kama ni ya kurithi, familia zipimwe mapema. Hizo ni bajeti mbili tofauti kabisa.

Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya 2013 inataka asilimia 2 ya pato la taifa iende kwa Hazina ya Taifa ya Utafiti. Haijawahi kufika hapo. Kwa hivyo mgombea akiahidi jengo, muulize: wa kuhesabu wagonjwa, kijiji kwa kijiji, atalipwa na nani?