Je, Wajua? Mwezi wa Kuzaliwa Humpa Mtoto Namba

Maji yakikupwa Bwejuu, Zanzibar, ufukwe wote huwa uwanja, na watoto hugawana timu kwa kutazamana vimo. Hakuna anayeulizwa cheti cha kuzaliwa. Kwingineko duniani, kalenda huanza kuchagua wachezaji hata kabla ya kocha, na vituko vyake ni hivi.

Agosti zaidi ya 500, Julai 313
Hao ni Wamarekani waliozaliwa tangu mwaka 1950 na kufika ligi kuu ya besiboli, kwa hesabu iliyochapishwa mwaka 2008. Usitafute nyota wala mganga: kwa miaka mingi ligi za watoto za huko zilifunga hesabu ya umri tarehe 31 Julai. Aliyezaliwa siku moja baadaye, 1 Agosti, alisubiri rika linalofuata na huko akawa kaka mkubwa wa wote.

Rika moja, siku 364 katikati
Pale hesabu ya umri inapoanza Januari, mtoto wa 1 Januari na wa 31 Desemba huandikwa daftari moja, ilhali mmoja kamtangulia mwenzake karibu mwaka mzima. Kwa mwenye miaka kumi, mwaka ni sehemu moja ya kumi ya umri wake wote. Ni resi za ngalawa ambazo mmoja keshatweka tanga na mwenzake bado anafungua kamba. Kocha huona misuli akadhani ni kipaji. Aliyechaguliwa hupata mazoezi na mechi zaidi, na kipaji chenyewe huja kweli.

Siri ilifichuka jukwaani
Mwanzoni mwa miaka ya 1980, huko Lethbridge, Kanada, Paula Barnsley alikuwa akitazama mechi ya magongo ya barafuni. Alipofunua kijitabu cha mechi, aliona tarehe za kuzaliwa za wachezaji zimerundikana Januari, Februari na Machi. Mumewe Roger, mwanasaikolojia, alilifuatilia jambo hilo, na mwaka 1985 utafiti wao ukachapishwa. Makocha walikuwa na tarehe hizo mikononi miaka yote!

Japani bahati ni Aprili
Mwaka wa shule Japani huanza Aprili, na besiboli ya vijana hulelewa mashuleni. Matokeo yake, wachezaji wa kulipwa waliozaliwa Aprili hadi Juni huwapita kwa mbali wale wa Januari hadi Machi, ambao ndio wadogo wa darasa.

Sogeza tarehe, utapata nyota wengine
Mwaka 1997 soka ya vijana Ubelgiji ilihamisha mwanzo wa hesabu ya umri kutoka 1 Agosti hadi 1 Januari. Haukupita muda, watoto wa mwanzo wa mwaka wakaanza kujaa vikosini, na wale wa Agosti, waliokuwa wakubwa zamani, wakapungua. Damu ni ileile na nchi ni ileile. Kilichohama ni mstari wa kalenda.

Afrika yaenda kinyume
Utafiti wa mwaka 2010 kuhusu Kombe la Dunia la vijana chini ya miaka 17 ulikuta karibu asilimia 40 ya wachezaji wamezaliwa miezi mitatu ya kwanza ya mwaka, na asilimia 16 tu miezi mitatu ya mwisho. Kanda zote zilifuata mkondo huo, isipokuwa Afrika: kwetu mizani ilielemea mwisho wa mwaka.

Walishinda uwanjani, wakakwama kwenye viza
Mwaka 2011 watoto wa Kampala, Uganda, walitwaa tiketi ya Kombe la Dunia la Little League, besiboli ya watoto, lakini Marekani iliwanyima viza kwa sababu kumbukumbu za umri na kuzaliwa hazikulingana. Mwaka uliofuata watoto wa Lugazi walifika Pennsylvania, wakawa timu ya kwanza ya Afrika kucheza kombe hilo. Mwaka 2015 Waganda wengine waliifunga Jamhuri ya Dominika, nchi inayozalisha nyota wa besiboli, 4 kwa 1.

Na sisi yametukuta
Aprili 2018 Zanzibar ilitolewa kwenye michuano ya CECAFA ya chini ya miaka 17 huko Burundi, kwa kuwa na wachezaji waliozaliwa kabla ya 1 Januari 2002. Mwaka 2019 Guinea ilifika fainali ya Afrika ya rika hilo jijini Dar es Salaam, kisha ikaenguliwa kwa udanganyifu wa umri wa wachezaji wawili. Ili kuzuia udanganyifu wa aina hiyo, tangu mwaka 2009 FIFA hupima mifupa ya kifundo cha mkono kwa mashine ya MRI kwenye Kombe la Dunia la rika hilo.

Jaribu mwenyewe
Wewe unayefundisha timu ya watoto ya Juvenile, iwe Bwejuu, Paje au Jambiani, andika tarehe ya kuzaliwa mbele ya kila jina, kisha hesabu waliozaliwa mwanzo wa mwaka na wa mwisho. Na kabla hujamkata yule mdogo wa Novemba, mpe msimu mmoja zaidi: huenda anachokosa ni miezi tu.