Usawa Uwanjani Huanzia Kwenye Kanuni

Miradi ya kuwaingiza wasichana katika michezo ya shule hupimwa kwa vitu vinavyohesabika upesi: mipira iliyogawiwa, jezi zilizonunuliwa, majina kwenye daftari la mahudhurio. Lakini ukisimama kando ya uwanja kipindi cha michezo kinapoendelea, mara nyingi utaona wavulana wakipasiana wao kwa wao katikati, na wasichana wakikimbilia mpira usiowafikia. Kwenye ripoti, wote wameshiriki.

Jijini Medellín, Colombia, tatizo hili lilipatiwa jibu la aina yake. Mwaka 1994 beki wa timu ya taifa, Andrés Escobar, aliuawa jijini humo siku chache baada ya kujifunga katika Kombe la Dunia. Miaka michache baadaye, kutokana na mauaji hayo, ulianza mradi wa soka ya mitaani uliowachanganya wasichana na wavulana ili kupunguza ukatili. Kanuni yake maarufu ilitaka bao la kwanza la timu lifungwe na msichana, ndipo mabao ya wavulana yahesabiwe. Hivyo mvulana aliyetaka ushindi alilazimika kumtafuta mwenzake wa kike na kumpa pasi. Kanuni moja ilifanya kazi ambayo mahubiri mengi ya usawa yameshindwa kuifanya.

Hata hivyo, kanuni ya namna hiyo ina mtego. Ikidumu mno, msichana huanza kuonekana mtu wa kubebwa. Kofuboli, mchezo wa kikapu unaokaribiana na netiboli, ulikwepa mtego huo tangu mapema. Ulibuniwa mwaka 1902 na mwalimu wa Uholanzi, Nico Broekhuysen. Leo timu huwa na wanawake wanne na wanaume wanne. Mwanamke hukabwa na mwanamke, mwanamume na mwanamume, na hairuhusiwi kukimbia na mpira mkononi. Mbabe asiyetoa pasi hafiki popote. Kila mchezaji anahitajika kwa sababu mchezo wenyewe umeundwa hivyo.

Lakini kanuni za uwanjani humsaidia yule tu aliyefika uwanjani. Huko Mathare, Nairobi, chama cha michezo cha vijana, MYSA, kilianza mwaka 1987 na timu za wavulana. Wasichana waliingia rasmi mwaka 1992. Kikwazo huanzia kwenye ratiba ya nyumbani: jioni, wakati mvulana anakwenda mazoezini, dada yake anateka maji, anapika na kulea wadogo zake, na mzazi anahofia giza litamkuta njiani. Mpango usiogusa ratiba hiyo utakuwa umemwalika msichana saa ambayo hawezi kuja.

Huko Kilifi, pwani ya Kenya, shirika la Moving the Goalposts limekwenda mbali zaidi: wasichana wenyewe hufundisha timu, huchezesha mechi kama waamuzi na hukaa kwenye kamati. Anayeshika filimbi na kupanga saa ya mechi hahitaji kuombewa nafasi.

Kwa hiyo mwalimu au mfadhili anayeandaa mradi wa michezo aongeze maswali matatu kwenye fomu zake: nani anaugusa mpira, mazoezi yanafanyika saa ngapi, na nani anaamua? Majibu yatafutwe uwanjani, kutoka kwa wasichana wenyewe, kabla fedha za mipira hazijatoka.