Ukubwa wa Gari la Safari Upimwe kwa Njia

Yapo mambo ambayo mtu wa Visiwani huyaona madogo mpaka siku anapovuka bahari, na mojawapo ni ukubwa wa gari. Kisiwa cha Unguja, tangu Nungwi hadi Makunduchi, hakizidi kilometa 90 kwa urefu, na msafiri aliyetoka mjini asubuhi, gari lake liwe dogo au kubwa, adhuhuri aweza kuwa amekwisha rudi kwake. Huko Kigoma mambo ni mengine. Barabara moja tu, ile inayotoka Kabingo wilayani Kakonko, ikapita Kibondo na Kasulu na kuishia Manyovu karibu na mpaka wa Burundi, ina urefu wa kilometa 260. Na hiyo ni njia kuu, bado hazijahesabiwa njia za vijijini zinazochepuka kulia na kushoto yake.

Tunayataja haya kwa kuwa fikra ya gari-nyumba, yaani gari lililofungwa kitanda, jiko na tangi la maji ili msafiri alale humo humo, yafaa kuzungumzwa kwa makini. Wapo wenye nafasi wanaotamani kuiona nchi yao tangu pwani hadi Ziwa Tanganyika bila ya kubisha hodi hotelini kila jua linapokuchwa. Wapo pia watumishi wa Serikali, wakaguzi, wapima ardhi, wachanjaji na makarani wa sensa, ambao kazi huwapeleka vijiji visivyo na nyumba ya wageni. Wala jambo lenyewe si geni nchini. Katika miaka ya 1970 magari ya sinema ya Serikali yalizunguka mikoani yakiwa na jenereta na mitambo yake, na mafundi wake walikaa njiani siku nyingi. Wao walipanda gari walilopewa. Msafiri wa leo anaweza kuchagua, na penye kuchagua ndipo penye kukosea.

Kosa tunaloliona mara nyingi ni la kulipima gari kwa cheo: mkubwa apewe kubwa, mdogo apewe dogo. Lugha ya mitaani imekwisha kuyaita magari ya anasa ya wakubwa mashangingi, na jina hilo halikutolewa kwa mapenzi. Lakini milima ya Buha haimjui mkurugenzi wala karani. Udongo wake mwekundu ukilowa huteleza kama sabuni, na mvua huanza mwezi wa Oktoba au Novemba na kuendelea hadi kufikia Mei. Ni kweli kwamba kazi kubwa imefanywa. Kilometa 63 za Kidahwe hadi Kasulu zimewekwa lami, vivyo hivyo kilometa 50 za Nyakanazi hadi Kabingo, na kwa ile barabara ya kilometa 260 Serikali ilipata mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika. Anayekusudia kubaki juu ya lami na achukue gari lolote alipendalo. Ila wakulima wa muhogo, mahindi na maharage hawakai juu ya lami, na mtumishi aliyetumwa kwao, akasimama penye lami na kuwaita wamfuate hapo, huyo hakusafiri.

Lori lililojengewa nyumba lina raha zake, wala hatutaki kuzikana. Mtu husimama wima ndani yake, hupika akiwa ameketi, na hata bafu huwamo. Lakini upana wake hufikia meta 2.5, kimo chake hupita meta 3, na uzito wake waweza kufika tani 10 na zaidi. Tuliweke sasa gari hilo katika njia ya kijijini, upande huu migomba, upande huu korongo, na mbele daraja la magogo ambalo wananchi wamelijenga kwa mikono yao kwa ajili ya baiskeli, pikipiki na gari la zahanati. Magogo yakivunjika, mgeni atavutwa kwa trekta na kurudi kwao. Aliyebaki ni mama mjamzito wa ng'ambo, ambaye uchungu ukimshika usiku itambidi abebwe kwa machela na kuvushwa majini, kwa kuwa gari la zahanati halina tena pa kupita. Hasara ya gari kubwa, basi, haimwangukii mwenye gari peke yake, na ndiyo sababu tunalisema jambo hili hadharani badala ya kuliacha liwe shauri la mwenye mali.

Fauka ya hayo iko sheria. Chini ya Sheria ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016, gari lenye uzito wa kuanzia kilo 3,500 hupaswa kupita katika mizani. Vilevile leseni ya gari dogo haimruhusu mtu kuendesha lori, hata liwe limetiwa kitanda na mapazia.

Gari la kati, mfano wa basi dogo aina ya Coaster lililoondolewa viti, lina upana wa meta 2 hivi na urefu wa meta 6 hadi 7. Kwa familia ya watu wanne au watano inayosafiri kiangazi, kati ya Juni na Septemba, kwa njia kuu ya Kigoma, Kasulu, Kibondo na Nyakanazi, hilo linatosha kabisa. Lakini tumbo lake li karibu na ardhi, na aghalabu huvuta kwa magurudumu ya nyuma tu. Mvua ikinyesha, lisitoke barabarani.

Sisi, kwa safari za vijijini, tunalipendelea lile Land Cruiser ambalo watu huliita mkonga kwa ajili ya bomba lake la hewa lililopanda hadi juu ya paa. Upana wake haufiki meta 2, huvuta kwa magurudumu yote manne, na hema lililofungwa juu ya paa huwalaza watu wawili. Aidha magari ya jamii hiyo si mageni kwa mafundi wa huko. Kambi ya Nyarugusu wilayani Kasulu ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya wakimbizi kutoka Kongo, na ile ya Nduta wilayani Kibondo ilifunguliwa tena mwaka 2015 kwa ajili ya Warundi. Huduma zake zilileta magari ya aina hii kwa wingi. Ubovu wa gari unaojulikana kwa fundi wa pale pale si sawa na ubovu unaongoja kipuri kutoka Ulaya.

Atauliza mtumishi: na sisi tulio wanne, je? Jibu letu ni magari mawili madogo. Najua mhasibu atanuna, maana ni madereva wawili na mafuta mara mbili. Lakini moja likizama tope, la pili hulivuta, na kazi ya vijiji viwili yaweza kufanywa kwa siku moja.

Kuna jambo jingine ambalo wauzaji wa magari hawalisemi, nalo ni maji. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Tukimkadiria kila mtu lita 10 kwa siku, za kunywa, kupika, kuoga kwa uchache na kutawadha, watu wawili kwa siku nne wanahitaji lita 80, ambazo gari dogo hulibeba bila ya kulalamika. Watu sita kwa siku kumi wanahitaji lita 600, yaani kilo 600, kabla ya kupakiwa gunia la mchele wala dumu la dizeli. Hapo ndipo gari kubwa linapoonekana la lazima, kumbe lililo la lazima ni kupunguza siku. Kasulu na Kibondo ni miji. Msafiri ajaze maji kila baada ya siku tatu au nne, ayachemshe, aendelee. Blanketi asisahau, kwani nchi hiyo iko juu zaidi ya meta 1,200 kutoka usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai una baridi isiyojulikana Mjini Magharibi.

Pa kulala napo hutegemea ukubwa. Katika miaka ya 1990 na 2000 njia za mapori ya Kigoma zilisumbuliwa na majambazi wenye silaha, hata mabasi yakasindikizwa na polisi. Hali imebadilika, lakini kulala kando ya barabara hatukushauri. Msafiri na aripoti kwa mtendaji wa kijiji, aombe uwanja wa shule au wa ofisi, na uwanja huo mara nyingi lango lake halipitishi lori. Kambi za wakimbizi haziingiwi bila ya kibali cha Wizara ya Mambo ya Ndani. Anayevutwa na Pori la Akiba la Moyowosi naye hutakiwa kuwa na kibali. Ajiandae kwa mbung'o, na masika asiende na gari la ukubwa wowote, kwa maana huko ni katika ardhioevu ya Malagarasi na Muyovozi, ya kwanza nchini kuingizwa katika orodha ya Ramsar, mwaka 2000.

Mwisho, kwa walioko Visiwani: nauli ya gari melini hufuata ukubwa wake, na taratibu za usajili na ushuru za pande mbili za Muungano yafaa ziulizwe mapema. Kabla ya kwenda bandarini Malindi, gari lipimwe likiwa limekwisha kupakiwa, hema juu ya paa na gurudumu la akiba nyuma. Urefu, upana, kimo na uzito viandikwe katika karatasi ibandikwe mbele ya dereva, aisome tena atakaposhuka kulikagua daraja la magogo.