KUJIUNDIA KOMPYUTA: NI VIPURI VIPI VINAVYOPATANA?

Watu wengi huitazama kompyuta ya mezani kama chombo kimoja, mithili ya redio au pasi, kinachonunuliwa kizima na kutupwa kizima. Ukweli ni kwamba ndani ya kasha lake mna vipuri saba au vinane tu, vilivyotengenezwa na viwanda mbalimbali, kisha vikaunganishwa kwa skrubu na plagi. Mwanafunzi wa kidato cha pili mwenye bisibisi moja aweza kuvitenganisha na kuvirudisha mahali pake katika muda wa vipindi viwili. Ugumu haumo katika kukaza skrubu. Umo katika kuchagua, kwa maana si kila kipuri hupatana na mwenziwe.

Tuchukue Chang'ombe, kata ya Jiji la Dodoma, ambayo isichanganywe na jina lake la Temeke, Dar es Salaam. Tuseme shule ya sekondari iliyo jirani na hapo ina kompyuta kumi zilizonunuliwa zikiwa zimekwisha kutumika katika ofisi za Ulaya. Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilikomesha msaada wa kawaida kwa mfumo wa Windows 10, na mfumo unaofuata, Windows 11, kwa kawaida huzikataa mashine zenye prosesa za Intel za kabla ya kizazi cha nane, pamoja na zile zisizo na kifaa cha usalama kiitwacho TPM cha toleo la 2.0. Mwalimu wa somo la kompyuta ana njia tatu: kuzitumia mashine zile kwa mfumo huria kama Linux, kuzibadilisha baadhi ya vipuri, au kuunda mpya kidogo kidogo kwa kadiri fedha zinavyopatikana. Njia ya pili na ya tatu zamtaka ajue upatanifu wa vipuri. Soko kubwa la vipuri hivyo liko Kariakoo, na kutoka Dodoma hadi Dar es Salaam ni kiasi cha kilomita 450. Treni ya umeme iliyoanza kufika Dodoma mwaka 2024 imefupisha saa za safari, lakini haikuifanya nauli ya kurudisha kipuri kisichoingia kuwa bure.

Kwa nini vipuri hupatana

Yafaa kwanza tuulize kwa nini vipuri vya viwanda mbalimbali hupatana hata kidogo. Tarehe 12 Agosti 1981 kampuni ya IBM ya Marekani ilitoa kompyuta ndogo iliyoundwa kwa vipuri vilivyokwisha kuwako sokoni, na ikachapisha maelezo ya namna vilivyounganishwa. Kampuni nyingine zikaiga. Muda si mrefu kadi iliyotengenezwa kiwanda kimoja ikaweza kuchomekwa katika mashine ya kiwanda kingine. Mwaka 1995 Intel ikatoa kanuni iitwayo ATX, inayoeleza ukubwa wa ubao mkuu, mahali pa matundu ya skrubu na umbo la plagi za umeme. Kanuni hiyo, pamoja na marekebisho yake, ndiyo inayotumika hadi leo.

Tanzania haikuwamo katika mkondo huo tangu mwanzo. Kompyuta ya kwanza nchini iliwekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Na baada ya mradi wa kutunzia hesabu za Serikali kwa kompyuta kwenda kombo, uingizaji wa mashine hizo ulipigwa marufuku mwaka 1974. Marufuku hiyo ililegezwa hatua kwa hatua, hata ikaondoka mwanzoni mwa miaka ya 1990. Kwa hiyo katika miaka ile ambayo vijana wa nchi nyingine walikuwa wakifungua makasha na kujifunza kwa kuharibu, vijana wa hapa walikuwa hawana cha kufungua. Mtu akishangaa kwa nini maarifa haya ni haba mashuleni, sehemu moja ya jibu ni hiyo.

Madabodi na prosesa

Ubao mkuu, ambao mafundi huuita madabodi, ndio unaoamua karibu kila kitu. Uchaguzi wote hapana budi uanzie hapo, au uanzie kwenye prosesa na kuifuata madabodi yake. Prosesa hukaa katika kikalio kiitwacho soketi, na kila soketi ina jina. Prosesa za Intel za kizazi cha nne hukaa katika LGA 1150. Za kizazi cha kumi na cha kumi na moja katika LGA 1200. Za kizazi cha kumi na mbili hadi cha kumi na nne katika LGA 1700. Tarakimu hizo ni idadi ya vigusio. Kwa upande wa AMD, soketi ya AM4 iliyotoka mwaka 2016 ilifuatwa na AM5 mwaka 2022. Kizazi cha prosesa ya Intel nyingi husomwa katika namba yake: i5-4590 ni ya kizazi cha nne, i5-8500 ya kizazi cha nane, i5-12400 ya kizazi cha kumi na mbili.

Lakini hapa pana mtego unaostahili kuelezwa kwa kirefu. Prosesa za Intel za kizazi cha sita na cha saba zina vigusio 1151. Za kizazi cha nane na cha tisa pia zina vigusio 1151, na zinaingia katika soketi ileile bila kulazimishwa. Hata hivyo kazi za baadhi ya vigusio zilibadilishwa, na chipu zinazoongoza madabodi zikawa nyingine, hivi kwamba i7-7700 ikiwekwa katika madabodi ya kizazi cha nane haiwaki. Kuingia, basi, si kufanya kazi. Mnunuzi asitosheke na kuona kipuri kimekaa sawasawa. Asome orodha ya prosesa zinazokubaliwa, ambayo kila kiwanda cha madabodi huitangaza, na ailinganishe namba kwa namba.

Kuna hali nyingine iliyo karibu na hiyo. Madabodi hubeba programu ndogo ya kuiamshia mashine, iitwayo BIOS. Madabodi ya AM4 ya mwaka 2018 yaweza kuikubali prosesa ya Ryzen ya mwaka 2020, lakini baada tu ya BIOS kufanywa mpya. Na katika madabodi nyingi, ili kuifanya mpya, lazima mashine iwake kwanza kwa prosesa ya zamani. Asiye na prosesa ya zamani atakuwa kama mtu aliyefungia ufunguo ndani ya nyumba. Heri kumwomba muuzaji aifanye kazi hiyo kabla ya kulipwa.

Herufi za mwisho za jina nazo zina maana. Prosesa ya Intel iliyoandikwa F mwishoni, kama i5-12400F, haina sehemu ya kutolea picha. Bila kadi ya picha kiwambo kitabaki cheusi, na wengi hudhani mashine imekufa. Kwa AMD ya soketi ya AM4, Ryzen 5 5600 haina sehemu hiyo ilhali 5600G inayo. Kwa shule isiyohitaji michezo wala filamu, prosesa yenye picha ndani yake ndiyo ya kuchagua, kwani fedha ya kadi yaweza kununua kumbukumbu.

Kumbukumbu na diski

Vibao vya kumbukumbu, yaani RAM, vimepita katika vizazi kadhaa. DDR3 ina pini 240 na hutumia volti 1.5, DDR4 ina pini 288 na volti 1.2, DDR5 ina pini 288 pia, lakini volti 1.1. Kila kimoja kina pengo mahali tofauti, kwa makusudi, ili kisiingie pasipo pake. Msomaji atambue kwamba soketi peke yake haiamui aina ya kumbukumbu: madabodi za LGA 1700 hutengenezwa kwa namna mbili, nyingine za DDR4 na nyingine za DDR5, na hakuna njia ya kuzibadilisha baadaye.

Mtego mkubwa zaidi sokoni ni vibao vilivyotolewa katika seva. Huuzwa kwa bei nafuu, vina pini 288 za DDR4, pengo liko mahali palepale, navyo huingia vizuri. Lakini kibao cha seva chenye chipu ya kati ya kupokea amri hakisomwi na madabodi ya kawaida. Alama yake ni herufi R katika maandishi ya lebo, mathalani PC4-2400T-R. Cha kawaida huandikwa U.

Habari ya diski ni fupi. Diski ya SSD yenye waya wa SATA huingia karibu mashine yoyote ya miaka ya karibuni, na kwa kompyuta ya zamani hakuna badiliko linaloonekana upesi kuliko hilo. Zile nyembamba ziitwazo M.2 zahitaji uangalifu: nyingine huzungumza kwa njia ya SATA, nyingine kwa NVMe, na tundu la madabodi laweza kukubali moja na kukataa nyingine.

Umeme

Juu ya umeme twapaswa kukaa kidogo, kwa kuwa hapa kosa haliishii katika hasara ya fedha.

Pawa saplai nyingi za zamani, hasa zilizotumika Marekani, zina swichi ndogo nyekundu nyuma, yenye 115 upande mmoja na 230 upande wa pili. Umeme wetu ni wa volti 230. Mwanafunzi wa fizikia anajua kuwa kilele cha volti hizo ni 230 mara kipeuo cha pili cha 2, yaani kama volti 325. Swichi ikiwa kwenye 230, volti hizo 325 hugawanywa kwa kapasita mbili zilizofuatana, ambazo kwa kawaida kila moja imeundwa kustahimili volti 200. Swichi ikiwa kwenye 115, mzunguko hugeuka kuwa wa kuzidisha volti maradufu, na kapasita zile hupewa jumla ya kama volti 650. Matokeo ni mlio na moshi. Swichi hiyo itazamwe kabla ya waya kuchomekwa ukutani, si baada yake.

La pili ni uwezo. Lebo yaweza kuandika wati 500 kwa herufi kubwa, lakini prosesa na kadi ya picha hula katika njia ya volti 12, na hiyo ndiyo ya kupimwa. Tuseme lebo yaonyesha ampea 20 kwa volti 12: hizo ni wati 240, wala si 500. Kwa mashine yenye i5-12400, ambayo kilele chake kwa maelezo ya Intel ni wati 117, pamoja na kiasi cha wati 50 za madabodi, kumbukumbu, diski na feni, wati 240 zatosha. Ukiongeza kadi ya picha ya wati 120, hazitoshi tena.

La tatu ni plagi. Kompyuta za maofisini mara nyingi hazifuati kanuni ya ATX. Dell OptiPlex 9020 huipa madabodi yake umeme kwa plagi ya pini 8, HP EliteDesk 800 G1 kwa pini 6, ilhali ATX ina pini 24. Pawa saplai ya kawaida haiingii humo bila kiunganishi maalumu. Kadhalika plagi ya pini 8 ya prosesa na ya pini 8 ya kadi ya picha zafanana kwa mbali, lakini mahali pa volti 12 katika moja ndipo penye ardhi katika nyingine. Plagi isilazimishwe kamwe.

Mwalimu akumbuke pia chumba chenyewe. Kompyuta 20 zikila wati 100 kila moja ni wati 2,000, yaani karibu ampea 9 kwa volti 230, na joto lote hilo hubaki chumbani.

Hewa ya Dodoma

Dodoma iko kiasi cha meta 1,100 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya pwani kwa karibu sehemu moja ya kumi. Feni ileile, kwa mwendo uleule, hupitisha hewa pungufu kwa uzito na hivyo hupoza pungufu. Tena vumbi la kiangazi huziba mapezi ya kupozea prosesa. Kwa sababu hizo kasha lenye nafasi na matundu yenye chujio lafaa kuliko lile dogo la kupendeza, mradi madabodi ienee ndani yake: ATX kamili ni milimita 305 kwa 244, Micro-ATX ni 244 kwa 244. Ukavu wa miezi hiyo huzalisha umeme tuli katika nguo na viatu. Fundi aguse chuma cha kasha lililounganishwa na waya wa ardhi, swichi ikiwa imezimwa, kabla ya kushika RAM.

Vipuri vikisha kufika, visifungwe kwanza ndani ya kasha. Madabodi iwekwe juu ya boksi la karatasi ngumu, ipewe prosesa, feni yake, kibao kimoja cha kumbukumbu na umeme. Ikiwaka na BIOS kuonekana, namba ya prosesa na kiasi cha kumbukumbu visomwe na kulinganishwa na risiti. Kisha viongezwe vipuri vingine, kimoja kimoja, na mashine iwashwe kila mara. Mwisho joto la prosesa lisomwe baada ya saa moja ya kazi, saa nane mchana, katika mwezi wa Oktoba ikiwezekana. Na likizidi nyuzi 85 za Selsiasi, feni na mapezi vifunguliwe, vitazamwe upya.