Vijiji vya Buha vilivyozaliwa kwa operesheni

MSAFIRI anayepita barabara ya Kasulu kwenda Kibondo, mkoani Kigoma, huona nyumba zimejipanga kandokando ya njia, akadhani ndivyo Waha walivyoishi tangu enzi. Sivyo.

Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970, makazi katika nyanda hizo za juu yalikuwa yametawanyika. Kaya ilijenga kilimani, ikizungukwa na migomba yake, huku mashamba ya maharage na mahindi yakiwa jirani.

Mwaka 1972 Serikali ilianzisha Operesheni Kigoma, iliyowahamishia wananchi katika vijiji vya ujamaa. Lengo lilikuwa kusogeza shule, zahanati na maji karibu na watu. Gharama yake ilikuwa kuiacha migomba iliyotunzwa kwa miaka mingi, na kwa wengine kutembea mwendo mrefu kwenda shambani.

Uhamisho huo uliacha swali zito: shamba la zamani ni la nani? Jibu limo katika Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Kifungu cha 15 kilithibitisha ugawaji wa ardhi uliofanyika kati ya mwaka 1970 na 1977, na kufuta haki zilizokuwapo kabla yake. Sheria hiyohiyo inaipa halmashauri ya kijiji mamlaka ya kusimamia ardhi na kutoa hati ya hakimiliki ya kimila.

Hivyo, mbele ya sheria, anayetambuliwa ni aliyegawiwa shamba wakati wa operesheni, hata kama migomba ilipandwa na babu wa mwingine.